Sura ya Sita: Mkeka Uliogeuzwa

"Unavuta ngapi kwa siku?"

Swali hilo lilitoka upande usiotakiwa wa meza. Sajini Hilario Ngailo wa upelelezi ndiye aliyekuwa na daftari, ndiye aliyekuwa na kalamu na funguo za mahabusu ya Njombe. Sasa mwanamke aliyelala siku mbili kwenye sakafu ya saruji anamhoji yeye! Sajini akaiweka sigara yake kwenye ukingo wa kisahani, akamkazia macho.

"Sista, hapa nauliza mimi."

"Uliza basi, Afande. Robo saa nzima unanipulizia moshi tu."

Devotha Mlelwa alikuwa nesi wa misheni moja upande wa Ludewa, Mpangwa wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kufokea wagonjwa wenye ndevu. Sweta lake la bluu lilikuwa limechanika begani, pale watu wa Makambako walipomvuta siku ya Jumanne, alipokuja kumtazama mgonjwa wake, wakitaka kummaliza. Polisi walimwokoa kwa kumtupa nyuma ya Landrova kama gunia la viazi. Tangu hapo hakulia wala hakuomba kitu, na jambo hilo lilimuudhi Sajini kuliko kama angelia.

Shauri lenyewe lilikuwa fupi. Badru, mwenye duka la vitambaa Makambako, mvutaji wa pakiti mbili kwa siku, alikohoa mwaka mzima mpaka akakonda. Akaenda kwa nesi huyu, akapewa bigijii za kutafuna za kumsaidia kuacha sigara, zilizoachwa na daktari Mzungu aliyerudi kwao. Siku ya nne, alfajiri, akakutwa amekufa kitandani. Mdogo wake, Mansoor, akaikuta karatasi ya bigijii chini ya mto imeandikwa nikotini, akaibeba mpaka kituoni akipiga kelele kwamba hii hapa sumu. OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, alitaka mashtaka ya kuua kwa makusudi yasomwe kesho, Ijumaa, saa tatu asubuhi. Na kesi ya kuua haina dhamana, bwana. Mtu huingia gerezani akisubiri ushahidi, akatoka na mvi.

"Nikotini ni sumu au si sumu?" Sajini aliuliza.

"Ni sumu."

Kalamu ilitaka kumponyoka. Akaandika haraka kabla mwanamke hajayageuza maneno yake.

"Andika yote, usiandike nusu," Devotha alisema. "Ni sumu mtu akipata nyingi kwa mara moja. Mtoto akizichezea anaweza kufa. Mjamzito simpi. Inapandisha mapigo ya moyo, na ndiyo inayokufunga wewe hapo usiweze kukaa dakika kumi bila hiyo takataka. Lakini mvutaji hafi kwa nikotini, Afande. Anakufa kwa moto. Jani likiungua linatoa lami inayoganda kifuani, na linatoa hewa moja haina rangi wala harufu, inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa safi. Unaivuta kidogo kidogo kila siku. Hiyo bigijii haiungui. Marehemu nilimwambia yeye na mke wake, wote wawili wamekaa mbele yangu: kinachokuua ni moshi. Kimbia moshi."

"Sikuja darasani."

"Ungekuja mapema usingekohoa hivyo. Nilimpa thelathini. Zimebaki ngapi?"

Sajini alizihesabu asubuhi ile. "Kumi na tisa."

"Kumi na moja, siku nne! Kwa mtu wa pakiti mbili? Alikuwa anapata nikotini pungufu kuliko ulivyopata wewe tangu uamke." Akasogea mezani mpaka pingu zikagonga mbao. "Mtu akiuawa na nikotini anatapika, anatoka mate na jasho, anaharisha, anatetemeka mwili mzima. Anakuwa mweupe kama kamwagiwa unga. Mkimzika mtu bila daktari kumwona, basi angalau kamuulizeni aliyemwosha. Au hilo nalo nimekosea kuwa na akili?"

Sajini Hilario alifunga daftari kwa kishindo. Kumpenda hakumpenda hata kidogo. Lakini swali la kumuuliza mwosha maiti lilikuwa swali zuri, na alikasirika kwamba si yeye aliyelifikiria.

Nje, Mansoor alikuwa akimngoja tangu asubuhi, kijana mrefu mwenye kofia ya kufuma, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Amekiri?"

"Twende Makambako. Nataka kuona chumba."

"Chumba cha nini? Kesi kesho! Au kwa kuwa huyo ni wa misheni na wewe ni wa misheni?"

"Panda gari, Mansoor, kabla sijakasirika."

Njia nzima upepo wa Julai uliingia kwenye kila tundu la Landrova, na kila Sajini alipokohoa Mansoor aligeuza uso dirishani.

Nyumba ilikuwa mpya, ya zile zilizoota kando ya barabara ya Songea tangu biashara iwe ruksa: duka mbele, vyumba nyuma, dari ya mbao laini, saruji kila mahali, madirisha ya vioo. Badru na watu wake walitoka Pangani, na baridi ya huku iliwatesa kama adhabu. Kila upenyo ulizibwa. Kwenye dirisha la chumba cha marehemu mtu alikuwa amesokomeza maboksi ya vitambaa kuzunguka fremu, kwa ufundi na subira.

"Alilala humu peke yake?"

"Kikohozi. Hakutaka kumwamsha mkewe. Ana mimba ya miezi saba."

"Nani alimkuta?"

"Mimi. Nilikuja kumwamsha twende msikitini. Nikasukuma mlango, nikamkuta. Ametapika, povu limemjaa mdomoni. Nimeshasema yote haya!"

"Ulisukuma. Mlango ulikuwa mzito?"

Mansoor akatazama kizingiti. "Mlango ni mlango."

Sajini akapiga goti. Sakafuni palitandikwa mkeka wa plastiki wenye maua. Maua ya mkeka wa namna ile hung'aa upande wa juu, na upande wa chini hufifia. Haya yalikuwa yamefifia. Akauinua pembeni, akachungulia. Upande wa chini maua yaling'aa, na karibu na kitanda palikuwa na alama tatu za kuungua, kila moja kubwa kama kizibo cha soda, zimekaa pembetatu.

"Nani aliugeuza huu?"

"Wanawake walifagia baada ya mazishi. Sijui mambo ya mikeka mimi!"

"Na uvunguni kulikuwa na nini? Naona manyoya."

"Kuku alikuwa anaatamia humo."

"Yuko wapi?"

"Afande!" Mansoor alipandisha sauti mpaka waombolezaji waliokaa dukani wakanyamaza. "Kaka yangu ameuawa na wewe unaniuliza kuku? Hivi una akili timamu?"

Sajini akauandika mkeka, akamwandika kuku. Akatoka, na Mansoor akamfuata nyuma, maana aliapa hamwachi azunguke mtaani peke yake akitengeneza uongo.

Mzee Abdulaziz, aliyemwosha Badru, walimkuta barazani kwake amejifunika blanketi mbili. Sajini alimwamkia, mzee akapokea vizuri, lakini aliposikia linalotakiwa akatikisa kichwa.

"Hapana, mwanangu. Mwosha maiti hasemi alichokiona. Nikiona aibu ya mtu, naifukia naye. Hiyo ndiyo amana yangu, hata serikali isinivunjie."

"Kuna mwanamke anaweza kufia gerezani, mzee."

"Nimesikia. Na bado siwezi."

"Umeshajibiwa," Mansoor alisema. "Tuondoke."

Sajini hakuondoka. Alikaa kwenye kibao cha chini, akapapasa mfuko wa sigara, akauacha. Alifanya kazi miaka kumi na minne na watu wasiotaka kusema, na alijua kwamba mtu aliyefungwa mlango mmoja mara nyingi ameachiwa mwingine.

"Mzee, kama mwosha ameona jambo jema? Nalo anafukia?"

Uso wa mzee ukakunjuka. "La! Jema linasemwa. Jema ni sifa ya marehemu, inafariji waliobaki."

"Basi niambie jema."

"Jema lilikuwepo, alhamdulillah. Wallahi nimeosha watu thelathini na mbili, sijaona maiti kama ile. Midomo myekundu kama ya mtoto aliyetoka kunyonya. Kucha nyekundu, viganja vyekundu. Uso una nuru, kama mtu amelala baada ya kucheza. Nilimwambia huyu Mansoor palepale, ndugu yako amekufa kifo chema, Mungu amemwonyesha mahali pake. Si nilikwambia, baba?"

Mansoor alitazama chini. "Ulisema."

"Kinywa chake?"

Mzee akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Kama kulikuwa na baya usiseme," Sajini alimwambia. "Mimi sitauliza tena."

"Hakukuwa na baya la kuficha," mzee alisema taratibu. "Kinywa kikavu, safi. Shuka safi. Hilo nalo ni jema, naona naweza kulisema."

Sajini aligeuka kumtazama Mansoor. Povu limekwenda wapi? Lakini hakuliuliza hapo. Alishukuru, akaamka, na kichwani mwake wekundu ule ukaanza kumsumbua. Mtu mwenye kifua kibovu hufa midomo ya buluu, hilo alilijua kwa baba yake mwenyewe. Aliyelishwa sumu ya Devotha angekuwa mweupe. Wekundu aliwahi kuuona wapi? Wekundu wa watu wanaoonekana kama wametoka kucheza?

Nyuma ya duka, ng'ambo ya shimo la taka, aliishi Mama Telesia, mjane wa Kibena aliyeuza ulanzi, pombe ya mianzi, na kujua kila kinachopita uchochoroni. Alikuwa akiosha madebe yake. Walipoamkiana "kamwene" alimtazama Sajini, akamtazama Mansoor, akarudi kwenye madebe.

"Jumanne alfajiri ulikuwa macho?" Sajini aliuliza.

"Mimi kila alfajiri niko macho. Serikali yenu ndiyo inayolala."

"Uliona nini?"

"Nikisema huyu atanipiga."

"Akikupiga analala ndani leo."

Mama Telesia akasimama, mikono kiunoni, maji yakimchuruzika. "Haya. Nilimwona huyu huyu. Hakujapambazuka vizuri. Ametoka na jiko la mkaa, kalishika kwa matambara, anayumba kama mlevi. Akalimwaga majivu, akalitupa shimoni, akaegemea ukuta akatapika. Nikasema loo, Mwislamu huyu leo kanywa? Akarudi ndani, akatoka na kuku, akamtupa. Kuku mfu, lakini mnono kabisa, Afande! Wa kitoweo!"

"Mwongo!" Mansoor alifoka. "Mama huyu mlevi, anauza pombe, ushahidi gani huu!"

"Kuku yuko wapi, mama?" Sajini hata hakumgeukia.

Mama Telesia akaangalia pembeni, na kwa mara ya kwanza akaona haya. "Nimemla."

"Umemla!"

"Wao hawali aliyekufa bila kuchinjwa. Mimi nimtupe kwa nini, na watoto wa marehemu dada yangu wana njaa? Alikuwa wa moto bado. Nilipomchuna nikashangaa, nyama nyekundu kama ya ng'ombe. Nikala, wakala, tumelala salama, na leo siku ya tatu."

Hapo ndipo Sajini alipokumbuka. Matamba, mwaka wake wa kwanza wa kazi. Vibarua wawili waliofungiana chumbani kwa baridi ya Kitulo, wamelala wamekumbatiana, mashavu mekundu, na katikati yao jiko lililozimika. Daktari wa wilaya aliwaambia askari siku ile kwamba mkaa unaua zaidi ukiwa hautoi moshi kuliko ukitoa, kwa sababu ukitoa moshi mtu hukohoa akatoka nje. Ile hewa. Ile ile ya Devotha, isiyo na rangi wala harufu, ambayo mvutaji huila kidogo kidogo. Badru aliila yote kwa usiku mmoja. Na kuku, jamani, kuku hatafuni bigijii.

"Mansoor," alisema, "ulisema uongo kuhusu povu. Uligeuza mkeka. Ulitoa jiko. Ulitupa kuku. Halafu ukaenda kumkamatisha mwanamke wa watu na nusura auawe barabarani. Wewe ndiye uliyemwekea kaka yako jiko?"

"Mimi?" Mansoor alicheka kicheko kibaya. "Mimi nimuue Badru? Aliyenilea?"

"Basi ni nani?"

Mansoor akanyoosha mikono yote miwili mbele, kama anayesubiri pingu. "Nipeleke ndani mimi," alisema mwishowe. "Nipeleke mimi, useme unachotaka. Lakini nyumba hiyo usiingie tena na maswali. Mle ndani kuna mwanamke yuko eda. Heshimu hilo tu."

"Sista Devotha naye ana watoto watatu. Yeye nani anamheshimu?"

"Atatoka! Kesi itakosa ushahidi, atatoka!"

"Baada ya miaka mingapi?"

Walikuwa wamefika ukutani, kwenye mlango wa nyuma wa ua. Sajini akausukuma, akaingia bila kubisha, na Mansoor nyuma yake akilaani.

Uani aliinama mwanamke mnene mwenye mtandio, akipepea kwa kifuniko cha sufuria. Mbele yake palikuwa na jiko jipya la bati, miguu mitatu, mkaa umeshika vizuri, mwekundu wote. Huyu alikuwa Bi Bibie, shangazi wa mjane, aliyeshuka na basi kutoka Iringa mchana ule Mansoor akiwa Njombe.

"Karibuni," alisema bila kuinua kichwa. "Nyumba hii haina hata jiko, mtoto anakufa kwa baridi mle ndani! Nimelinunua sasa hivi sokoni. Tayari hili, moshi umekwisha. Namwingizia Rukaiya alale kidogo kabla ya magharibi."

Akalinyanyua kwa matambara. Mlango wa chumba cha mjane ulikuwa wazi nusu, pazia limeshushwa, na chini yake kanga mbili zilikuwa zimekunjwa tayari za kuziba upenyo.

Sajini alifungua kinywa. Hakuwahi kusema. Mansoor alimpita kwa kishindo, akalipiga jiko teke mikononi mwa shangazi, likaruka mpaka ukutani na mkaa ukatawanyika uani kote. Bi Bibie akapiga ukelele. Mansoor akaendelea kuukanyaga mkaa kwa kandambili, mmoja mmoja, plastiki ikiyeyuka na kunuka, na yeye akilia kwa sauti kama mtoto, "Si humu! Si humu tena! Si humu!"

Sajini akalifungua daftari, kisha akalishusha.

"Ulijua," alisema.

"Nilikuwa utingo," Mansoor alisema huku akihema. "Tunduma, gesti, wenzangu wawili na jiko. Niliwatoa mwenyewe. Nilipofungua mlango wa Badru na ile kanga ikanizuia miguuni, nikaliona jiko, nikajua papo hapo. Nilijua na nani aliliweka." Akateremsha sauti, akamshika Sajini mkono, yeye ambaye siku nzima alimtukana. "Ana miezi saba, Afande. Nimwambieje? Andika kifua. Andika sigara, zilimwua nusu tayari, nani atabisha? Nitafuta maneno yangu yote, nitamwomba radhi yule sista mbele ya watu. Ila hilo usiandike."

Sajini Hilario alitaka kukubali. Hilo ni kweli, na hakuwahi kulisema kituoni. Kuandika kifua ilikuwa kazi ya mistari miwili, na Devotha angelala kwake kesho. Akautazama mkaa uliopondwa, akazitazama zile kanga mbili.

"Ungekuwa umechelewa Njombe nusu saa," alimwambia, "ungemzika na yeye na mtoto. Utalitupa jiko la ngapi? Wakija mashangazi wengine wenye huruma?"

Mansoor akamwachia mkono.

Pazia lilikuwa limesogea. Hakuna aliyejua tangu saa ngapi. Rukaiya alisimama ndani ya kizingiti, nguo za eda, tumbo mbele, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango. Alikuwa mdogo kuliko Sajini alivyodhani. Hakumtazama polisi wala shangazi yake. Aliutazama mkaa.

"Shemeji," aliuliza, "ni lile jiko?"

Mansoor alijaribu kusema hapana. Wote walimwona akijaribu. Kisha akaitikia kwa kichwa, akaketi chini palepale kwenye majivu.

"Andika, Afande," alisema. "Mwachieni yule sista."

Kalamu ya Sajini ilikuwa juu ya karatasi, tarehe imeshaandikwa, na chini ya tarehe neno moja, ajali. Rukaiya akageuka kwake sasa, uso mkavu kabisa, kama mtu anayedai kusikilizwa dukani.

"Lakini sista alisema moshi," alimwambia. "Mimi nilikaa nalo hapa uani, nje, kwenye baridi, nikapepea. Nilisubiri mpaka moshi ukaisha wote."